Mstari wa Kumi na Nne

Kituoni, 9 Februari

Mpwa wangu Chiriku,

Marahaba, maana najua umeshaniamkia hata kabla hujafungua bahasha. Huku hatujambo. Mama yako anaamka vizuri na kulalamika vizuri zaidi. Juzi alimfukuza jogoo wa jirani kwa kumrushia kiatu changu cha kushoto. Jogoo karudi, kiatu hakijarudi. Barua yako ya mwaka mpya nimemsomea mara mbili, akauliza mbona hukutaja kama unakula. Basi taja.

Unaniuliza tena kwa nini sipigi simu. Mtandao huku unapatikana juu ya paa la ghala tu, na mimi si paka. Simu ya mezani ipo ofisini, lakini karani husikiliza huku akijifanya anapanga mafaili. Barua haina karani.

Sasa jambo lenyewe. Dereva wa kituo anakuletea boksi. Ndani mna bahasha tisini na sita, kila moja na kipande cha jani la ngano cha urefu wa kidole. Nimeyakata mwenyewe, mstari kwa mstari. Kila bahasha nimeiandika namba mara mbili, mbele na nyuma, kwa penseli, kwa sababu wino hukimbia jani likitoa unyevu. Nilipomaliza nilizihesabu kuanzia mwanzo, kisha kuanzia mwisho. Zimetimia.

Wenzangu wananicheka, wanauliza jani litasema nini. Nimewaeleza kama ulivyonieleza mimi: ndani ya kila mmea kuna maandishi ya urithi wake, na nyinyi mmeshajua alama ipi ikiwepo, mmea huo una kinga ya ugonjwa wa kutu. Sisi wa zamani tulisubiri mvua ilete kutu, majani yageuke rangi ya chungwa, ndipo tujue nani mzima na nani mgonjwa. Nyinyi mnajua ngano ikiwa haijafika hata kwenye goti. Mkutanoni nilisimama nikasema, atakachosema mpwa wangu ndicho nitakachofanya. Mkuu wa kituo akaandika.

Mistari isiyo na kinga itang'olewa kabla haijatoa masuke, iliyobaki niichavushe na ile ngano yetu yenye mavuno makubwa. Mbegu za akiba, kama unavyojua, siku hizi zote ziko huko kwenu kwenye chumba cha baridi. Huku tuna zilizo ardhini tu. Ngano hii nimeibeba miaka tisa na mwakani nastaafu, kwa hiyo huu ndio msimu wangu. Sikuambii ni mstari gani ninaoupenda, nisije nikakuharibia kazi. Nimeuandika kwenye daftari, daftari nimelifungia.

Mjomba wako,
Darubini (jina wamenipa wenzangu, mimi nimelizoea tu)


Maabara, 4 Machi

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Mama hajambo? Mwambie nakula, tena nakula vizuri, na nimenunua sufuria yenye mfuniko wake mwenyewe. Chumba changu ni kilekile, dirisha linatazama ukuta, ila ukuta wamepaka rangi.

Boksi lilifika salama. Dada wa mapokezi alidhani ni dawa za kienyeji. Tumeyaponda majani yako, tukayasafisha mpaka kikabaki kile tunachokitaka, kisha tone moja la kila jani likaingia kwenye kishimo chake. Trei yetu ina vishimo tisini na sita kamili, utadhani ulituhesabia. Inaingia kwenye mashine, mashine inasoma. Kazi yote kwa mikono yangu, sikumwachia mtu.

Orodha ya majibu nimeiambatanisha. Mistari thelathini na mmoja ina alama ya kinga. Sitini na mitano haina. Mjomba, ni majibu mazuri kuliko nilivyotarajia! Tarehe kumi nayawasilisha mbele ya kamati ya mbegu. Wakiyapenda, kitengo chote cha vinasaba kitakuwa chini yangu. Mimi, mtoto wa kulala chini ya meza ya kuchambulia mbegu. Niombee.

Wako,
Chiriku


Kituoni, 8 Machi

Chiriku,

Marahaba. Mama yako kafurahia sufuria kuliko kitengo. Tumekuombea sote, hata karani, ambaye hakuambiwa ila alijua.

Orodha nimeipata, nikafungua daftari langu. Nisamehe, nitakusumbua. Mstari ninaoupenda ni wa kumi na nne. Mama yake mstari huo, yaani mmea uliouzaa, alisimama safi msimu ule kutu ilipokula shamba zima. Nilipiga magoti nikamgeuza jani kwa jani, sikuona hata doa moja. Na masuke yake mazito, yanajaa kiganja. Wewe umeandika hauna kinga. Wa themanini na tatu umeandika unayo, na mimi namkumbuka mama yake, aliungua kwa kutu mpaka suruali yangu ikatoka na rangi.

Inawezekana nimekosea. Jicho la mtu lina mapenzi. Lakini hebu nitazamie tena hiyo miwili tu, kisha uniambie. Tarehe kumi na sita tunaanza kung'oa. Ukiwa na neno lolote na dereva ameshaondoka, piga simu ya ofisi, karani asikilize tu.

Kinachotoka kwako nitakifuata. Nilishasema mbele ya watu.

Mjomba wako


Maabara, 13 Machi

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Hamjambo wote? Hali ya hewa huko ikoje, mvua bado? Huku ni vumbi tu, hata chai inanywewa na vumbi. Mgongo wako unaendeleaje? Nimemwona mtaani mtu anayetembea kama wewe, mikono nyuma, nikamfuata hatua kumi kabla sijagundua si wewe. Nimecheka peke yangu.

Wasilisho lilikwenda vizuri. Kamati walipiga makofi. Mkuu wa maabara alinishika mkono mbele ya wote akasema huo ndio mwanzo. Nimehamishiwa meza ya dirishani.

Kuhusu mistari yako miwili, usijali. Mashine haina upendeleo, mjomba, ndiyo sababu tunaitumia.

Mmeshaanza kung'oa? Kama hamjaanza, usijichoshe, hakuna haraka sana. Kama mmeanza, basi. Msalimie mama, mwambie nitakuja likizo.

Wako,
Chiriku


Kituoni, 20 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba, na hongera. Mama yako ameimba. Hujamsikia akiimba, kwa hiyo huwezi kujua tulivyoteseka kwa furaha yako.

Kazi imekwisha. Siku tatu, watu sita. Nilianza na mistari mingine, wa kumi na nne nikauacha wa mwisho. Niling'oa mwenyewe, sikutaka mtu mwingine aushike. Ulishika udongo kwa nguvu, mizizi yake mirefu, ikabidi nipige magoti. Mzee wa trekta akaniambia, "Darubini, unang'oa ngano au unazika?" Nikamwambia afunge mdomo aendeshe trekta.

Tulilundika nyuma ya ghala. Ng'ombe wa kituo walikula miaka yangu tisa kwa dakika arobaini, wakatazama kama kuna zaidi.

Lakini sijutii. Nilisomesha mtu ili siku moja anikosoe. Umenikosoa, nimekubali.

Mjomba wako


Kituoni, 2 Mei

Chiriku,

Hujambo? Wiki sita sijapata barua yako. Dereva anarudi mikono mitupu, sasa ananikwepa kama ana kosa yeye. Mama yako anasema una kazi nyingi. Nami nasema una kazi nyingi. Tumekubaliana.

Mvua ilikuja, na kutu ikaja na mvua. Jumatatu nilipita shambani nikatoka na magoti ya rangi ya chungwa. Nimeikagua mistari yote thelathini na mmoja uliyoniambia nibaki nayo. Ishirini na mmoja inaungua. Wa themanini na tatu unaungua kuliko yote. Kumi tu ndiyo safi, nayo masuke yake mepesi.

Basi nikakaa na hiyo kumi. Nikaandika namba zake kwenye karatasi, nikanywa chai, nikazitazama. Kuna wa tatu kutoka mwanzo, na kuna wa tatu kutoka mwisho. Kuna wa thelathini kutoka mwanzo, na wa thelathini kutoka mwisho. Yote kumi iko hivyo, wawili wawili, kama watu walioshikana mikono kutoka pande mbili za shamba. Nikaichukua orodha yako, nikaisoma kuanzia chini kwenda juu, jibu la wa mwisho nikampa wa kwanza, jibu la pili kutoka mwisho nikampa wa pili. Kila kilichoungua kikaeleweka. Kila nilichokuwa nimekiandika kwenye daftari kikakubaliana nayo. Jibu la wa themanini na tatu likamwangukia wa kumi na nne: una kinga.

Mimi sijui mashine zenu. Nakuuliza tu kama mtu anavyomuuliza mwanawe: kuna kitu huko kinachoweza kugeuka, cha kwanza kikawa cha mwisho?

Najua kilichoingia kwenye tumbo la ng'ombe hakirudi. Lakini chumba chenu cha baridi kina mbegu za akiba. Nijibu upesi.

Mjomba wako


Maabara, 21 Mei

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Samahani kwa kimya, kazi zimenizidi. Mama hajambo?

Nasikitika sana kusikia habari za kutu. Ni jambo gumu, kutu ina aina nyingi na huenda imeingia aina mpya. Jambo hili linachunguzwa huku na wakubwa, kwa hiyo kwa sasa siwezi kusema mengi. Naomba usiliandikie ofisi yoyote mpaka uchunguzi uishe, lisije likavurugika.

Nimekutumia miwani. Ni mizuri, ya fremu nyepesi. Nilikumbuka ulivyokuwa unasogeza gazeti mbali mpaka mkono unaisha. Uvae, mjomba, macho hayana spea.

Wako,
Chiriku


Kituoni, 9 Julai

Chiriku,

Hujambo. Mama yako hajambo.

Miwani ilifika. Nilivaa siku ileile, nikatembea nayo shambani kama bwana harusi. Nilimwonyesha mzee wa trekta, nikamwambia mpwa wangu ananikumbuka. Nilifurahi kweli, na nakuandikia hivyo ili ujue.

Jumanne nimeitwa ofisini. Mkuu wa kituo hakuniangalia usoni. Amenipa barua: nastaafishwa mwisho wa mwezi huu, mapema, kwa heshima. Kwenye barua ameambatanisha ripoti ya maabara. Nimeisoma kwa miwani yako. Ukurasa wa pili unasema hivi, nainakili neno kwa neno: "Hitilafu ilitokana na bahasha za sampuli kuandikwa namba kinyume shambani, jambo linalohusishwa na umri na uoni hafifu wa msimamizi." Chini kuna sahihi. Sahihi ile naijua. Nilikushika mkono ukijifunza kuiandika kwenye meza ya jikoni, ukataka herufi ya mwisho iwe na mkia, nikakuachia mkia wako.

Miaka thelathini na mmoja nimeandika namba kwenye bahasha. Mbele na nyuma. Vijana wa kituo sasa wananisaidia kuvuka mfereji, wananiambia angalia hapo mzee. Mimi niliyekuwa nikiona kutu kutoka barabarani! Yaani wamenionea huruma, Chiriku. Nimeshindwa kula.

Kikulacho ki nguoni mwako. Nilikuwa nalisema neno hili kwa utani, likihusu chawa.

Sina maswali mengi. Nina moja. Ulijua lini?

Mjomba wako


Maabara, 10 Agosti

Mjomba,

Shikamoo. Nimeandika barua hii mara nne. Mama hajambo?

Nilijua tarehe kumi na moja Machi, saa nne asubuhi.

Barua yako ya tarehe nane ndiyo iliyonishtua. Niliipata jioni ya tarehe kumi, baada ya kamati, nikiwa bado na maua mezani. Kesho yake nikatoa kipande kilichobaki cha jani la kumi na nne nikakipima peke yake, kisha cha la themanini na tatu. Ulikuwa umesema kweli. Kila trei ina pembe moja iliyokatwa, ili mtu asikosee namna ya kuiweka kwenye mashine. Mimi niliiweka kinyume. Hakuna mwingine, ni mimi.

Nilishika simu mara mbili. Mara ya kwanza karani wenu alipokea nikakata. Mara ya pili sikumaliza namba. Walikuwa wameshanipigia makofi, mjomba. Kitengo kilikuwa kimeshaandikwa jina langu. Nikajiambia labda hamtang'oa, labda mvua itachelewa, labda utaacha wa kumi na nne kwa ukaidi wako. Nilitamani uwe mkaidi. Kutu ilipokuja mkuu akauliza kosa liko wapi, na nikaona ama mimi ambaye ndiyo kwanza naanza, au wewe ambaye unastaafu hata hivyo. Nikasema bahasha.

Lakini sikiliza. Mstari wa kumi na nne haujafa. Mwezi wa nne nilichukua mbegu zake za akiba nikazipanda kwenye nyumba ya vioo hapa. Zimestawi. Tumezipulizia kutu makusudi na hazikushika. Kamati imeipenda, wanasema nimeiokoa kazi. Ikipita itapewa wakulima, na nimependekeza iitwe Darubini. Jina lako litakuwa kwenye kila gunia. Nilitaka kukupa kitu.

Nisamehe. Barua hii usimwonyeshe mtu.

Chiriku


Kituoni, 24 Agosti

Chiriku,

Hujambo. Nianze na habari za nyumbani. Tumehama nyumba ya kituo, sasa tunakaa vyumba viwili nyuma ya kinu cha kusagia nafaka, unga unaingia mpaka kitandani. Mama yako aliteleza kwenye ngazi siku ya kuhama, goti la kulia limevimba, hawezi kuinama. Huwa namsomea salamu zako, mengine nayaruka. Safari hii ameniuliza mbona barua ni ndefu na usomaji ni mfupi. Nimemwambia mwandiko wako umeharibika.

Kosa la kugeuza trei nilikusamehe kabla hujamaliza sentensi. Mimi mwenyewe, wewe ukiwa darasa la tatu, nilichavusha mistari kumi kwa chavua ya ngano nyingine kabisa. Msimu mzima ukapotea. Siku niliyogundua nilikwenda ofisini kofia mkononi nikasema. Nilitukanwa mpaka masikio yakawa ya moto, nikarudi shambani. Kazi hii ni ya watu wanaokosea. Ndiyo maana tunaandika namba mbele na nyuma.

Lakini wewe ulijua. Ulijua tarehe kumi na moja, na tarehe kumi na tatu ukaniandikia kwamba mashine haina upendeleo, kwa kalamu ileile ya kumsalimia mama yako. Ukaniuliza kama tumeanza kung'oa. Nilidhani unauhurumia mgongo wangu! Barua yako ilinifikia tarehe kumi na tano, ngano yote ikiwa imesimama. Neno moja tu, "acha". Ningeacha. Nilikuwa natafuta sababu ya kuacha, ukanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, nami nikaenda nikapiga magoti nikang'oa.

Ulitamani niwe mkaidi. Nilikuwa mkaidi kwa watu wote maishani mwangu isipokuwa wewe.

Kisha ukaniletea miwani.

Jina sitaki. Ngano inaitwa Darubini, na Darubini mwenyewe anashikwa mkono kuvushwa mfereji kwa sababu ya ripoti yako. Hicho ni kilemba cha ukoka, tena umekisuka kwa ngano yangu mwenyewe. Iite upendavyo.

Nataka kitu kimoja. Nataka kamati iandike kwamba bahasha zangu zilikuwa sahihi. Ukurasa mmoja, mkuu wa kituo apewe nakala, na karani ausome kwa sauti, si kusikiliza tu. Basi. Kitengo chako sikitaki.

Ukurasa wako wenye ile tarehe nimeuweka ndani ya bahasha hii, ni ule ule ulioandika, sikuunakili. Ningeweza kuupeleka kwa kamati mwenyewe. Dereva ni yuleyule na njia ni ileile. Nimekaa nao siku tisa nikiwaza hivyo. Lakini nilikulea mimi baba yako alipoondoka, na sitaki mtu asikie habari zako mbaya kutoka kinywani mwangu. Upeleke wewe. Nimekuachia kila kitu mkononi, kama nilivyokuachia yale majani.

Dereva ameapa ataikabidhi kwako mkononi, si mapokezi.

Nasubiri.

Mjomba wako


Maabara, 3 Novemba

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo! Ni siku nyingi. Natumaini barua hii inawakuta wazima wa afya kama inavyoniacha mimi. Huku mvua zimeanza, barabara ya kuja maabara imekuwa tope, tunavua viatu mlangoni kama msikitini. Nimehama chumba, sasa nina viwili na jiko. Dirisha linatazama bustani.

Nina habari njema. Ile ngano imepita! Kamati imeikubali kwa kauli moja, na msimu ujao mbegu zitaanza kuzalishwa kwa ajili ya wakulima. Kuhusu jina, walionelea ni bora itumike namba tu, ndio utaratibu wao. Nilijitahidi.

Mjomba, nadhani posta zetu zina matatizo. Barua yako ya mwisho kuipata ni ile ya Julai. Kama uliandika nyingine baada ya hapo, sikuiona. Dereva huyu siku hizi hatabiriki. Basi yaliyopita tuyaache yapite, sisi ni damu moja na wewe ndiye baba niliyemjua. Nikipata likizo nitakuja, tukae, tuongee mambo mazuri.

Mwambie mama asiinuke ovyo. Hilo goti alikande kwa maji ya moto asubuhi na jioni, na asipande ngazi mpaka uvimbe uishe kabisa.

Wako akupendaye,
Chiriku


Nyuma ya kinu, 9 Novemba

Binti wa dada yangu,

Goti la mama yako linaendelea vizuri. Analikanda.

Habari za goti niliziandika mara moja tu, kwenye barua ambayo hukuiona.

Kaka yake mama yako